Waya wa Molex kwenda SATA: chukua wa kubana, wa kumiminwa uache kaunta

Diski uliyoitoa kwenye eksternali, yaani diski ya nje ya USB, ikikataa kuwaka ndani ya kompyuta ya mezani, usiharakishe kuiita mbovu. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeziona Kariakoo diski kubwa za 8TB zimepangwa juu ya turubai, zimeandikwa "haiwaki" kwa maka, zinauzwa bei ya chuma. Ninaamini kabisa kwamba baadhi yake ni nzima na zilichokosa ni waya wa shilingi elfu nane.

Waya huo ndio ninaoutathmini hapa. Unatoka kwenye plagi ya Molex, ile nyeupe pana yenye matundu manne ambayo pawa saplai nyingi (boksi linaloipa kompyuta umeme) bado zinayo, na unaishia kwenye plagi ya umeme ya SATA, ile bapa inayoingia kwenye diski. Nimenunua wa aina mbili katika duka moja la vifaa vya kompyuta mtaa wa Aggrey, pamoja na tepu ya Kapton kutoka kibanda cha jirani kinachowauzia mafundi simu. Kimoja kati ya hivyo vitatu sikitaki ndani ya mashine yangu hata nikipewa bure.

Mimi nahariri video za harusi, send-off na kitchen party, ofisi ipo Sinza. Kamera moja ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula karibu GB 45 kwa saa. Weka kamera tatu, weka sherehe ya saa sita, unafika GB 800 kabla bwana harusi hajakata keki ya pili. Mteja naye anaweza kurudi baada ya mwaka akitaka hotuba ya marehemu baba yake, na mimi sitaki kumjibu kwamba nilifuta. Kwa hiyo diski kubwa ni chakula cha ofisi. Mara nyingi eksternali ya inchi 3.5, ile yenye adapta yake ya ukutani, inauzwa rahisi kuliko diski tupu ya ukubwa uleule, hasa huko Marekani wakati wa punguzo la Novemba. Mdogo wangu akija likizo ananibebea. Nafungua kasha, natoa diski, naifunga kwenye kompyuta ya kuhariria.

Hapo ndipo watu wanapokwama. Ikiwa ndani ya kasha lake, diski inazunguka vizuri. Ukiifunga kwenye pawa saplai, kimya. Haivumi, haitikisiki mkononi, na kompyuta haina habari nayo. Ukiirudisha kwenye kasha, inaamka tena. Ukiona dalili hizo mbili kwa pamoja, mzima ndani ya kasha na mfu nje yake, karibu umeshapata jibu.

Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15. Hapo mwanzo pini tatu za kwanza zilipangiwa volti 3.3, saba hadi tisa volti 5, kumi na tatu hadi kumi na tano volti 12, na nyingi za zilizobaki ni ethi, njia ya umeme kurudi. Diski za inchi 3.5 hazikuwa na haja na zile volti 3.3, kwa hiyo pini tatu nzima zilikaa bila kazi ya maana. Toleo la 3.3 la kanuni za SATA, lililotoka 2016, likaipa pini ya tatu kazi mpya: ikipokea umeme, diski ijizime. (Namba ya toleo na ile ya volti zimegongana tu, usizichanganye.) Waliofikiriwa ni wenye vituo vya data, wenye maelfu ya diski kwenye makabati. Diski moja ikiganda, mhudumu anaizima na kuiwasha akiwa mbali, bila mtu kwenda kuichomoa kwa mkono.

Kwao ni jambo zuri. Sasa chukua diski hiyohiyo uifunge kwenye pawa saplai ya zamani, ambayo bado inapeleka volti 3.3 kwenye pini zote tatu muda wote kompyuta ikiwa imewashwa. Diski inapokea amri ya kujizima tangu sekunde ya kwanza na inaitii. Haijaharibika hata kidogo. Inafanya ilichoambiwa. Kasha lake halikuwahi kupeleka umeme kwenye pini ile, ndiyo maana huko iliwaka. Diski zenye lebo nyeupe za WD (Western Digital) zinazotoka kwenye eksternali zake kubwa za Elements na Easystore zinajulikana sana kwa tabia hii, ingawa si zote zilivyo hivyo.

Kujua upande wako ni rahisi. Angalia nyaya zinazoingia kwenye plagi ya SATA ya pawa saplai yako. Njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, nyeusi mbili ni ethi. Ukiona na wa tano wa rangi ya chungwa, huo ndio wenye volti 3.3. Pawa saplai nyingi mpya hazina tena waya wa chungwa kwenye plagi hizo, na mwenye nayo hatakutana na shida hii kabisa. Nyingine zina nyaya zote nyeusi, hapo mwombe fundi akupimie kwa mita. Yangu ni ya zamani, imara, yenye chungwa zake, na sikuona sababu ya kuitupa.

Plagi ya Molex ina njano moja, nyekundu moja na nyeusi mbili. Volti 3.3 hazipo. Ukipitisha umeme wa diski huko, pini ya tatu haipati kitu na diski inawaka. Waya huu hauna akili yoyote ndani yake. Unasaidia kwa sababu ya waya mmoja ambao haumo.

Dukani nilikuta aina mbili kwenye boksi moja, zimechanganywa, bei tofauti.

"Kaka, hizi zina tofauti gani?"

"Dada, zote zinafanya kazi sawa. Hii elfu nne, hii elfu nane. Chukua ya elfu nne, wengi wanachukua hiyo."

Nikamwomba nizione kwa mgongo. Hakunung'unika, akanimwagia boksi zima juu ya kaunta na kuniwashia taa ya simu yake. Kwa hilo tu duka lile limepata heshima yangu.

Ule wa elfu nne ni wa kumiminwa. Plagi yake ya SATA ni kipande kimoja cha plastiki, laini kidogo ukikibonyeza, na nyaya zinazama ndani bila kuona zinakoishia. Kiwandani nyaya zinashikizwa kwenye pini, kisha plastiki ya moto inamiminwa juu yake. Plastiki ikiingia kwa shinikizo inaweza kuzisogeza nyaya, na hakuna anayeona zilipotulia. Nilinunua mmoja makusudi niupasue. Nikaukata taratibu kwa wembe kuanzia mgongoni, na nilichokikuta kilinitosha: uzi mmoja wa shaba wa ule waya wa njano ulikuwa umetoka kwenye wenzake na kulala kuelekea ethi, katikati yao plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Leo haugusi. Lakini diski inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampea mbili kwenye volti 12, plastiki inapata joto, joto la Dar linaongezea lake, na plastiki laini ikipata joto husogea. Siku nyaya hizo zikigusana, pawa saplai nzuri itazima. Pawa saplai ya hovyo itaendelea kusukuma umeme mpaka plagi iyeyuke juu ya diski yenye harusi za watu.

Kuungua kwa plagi hizi za kumiminwa kunafahamika duniani kote kwa watu wanaounganisha kompyuta. Si kwamba kila moja itaungua. Tatizo langu ni kwamba huwezi kuikagua bila kuiua, na kitu nisichoweza kukikagua sikipi umeme wa kukesha peke yake ofisini.

Ule wa elfu nane ni wa kubana. Plagi yake ni ya plastiki ngumu, na mgongoni ina kifuniko kinachobanduka kwa ukucha au bisibisi ndogo. Ukikibandua unaona kila waya umelala kwenye mfereji wake, na meno ya chuma yametoboa ganda lake na kuuma shaba. Njano kwake, nyeusi kwake, nyekundu kwake, na kuta za plastiki katikati. Hakuna kilichofichwa. Wa kwangu umeandikwa 18AWG kwenye ganda, huo ni unene wa kuridhisha kwa kazi hii. Ukikuta 22AWG ni mwembamba mno, namba ikipanda waya unapungua unene.

Una kasoro, nazo nazisema. Ni mfupi, kama kiganja na nusu, na ndani ya kasha kubwa la kompyuta utalazimika kuhamisha diski ili ufike. Pini za upande wa Molex zinacheza. Unaposukuma plagi mbili zikutane, pini moja inaweza kurudi nyuma badala ya kuingia kwenye tundu lake, na ukidhani umefunga kumbe nyekundu inaning'inia. Shika nyaya kwa nyuma unapochomeka, kisha vuta mmoja mmoja taratibu uone kama umekaa. Halafu angalia kona za plagi: upande mmoja kona zimekatwa, mwingine ni za mraba. Plagi laini inaweza kulazimishwa kuingia kinyume, na hapo volti 12 inaingia mahali pa volti 5. Hiyo bodi ya diski haiponi.

Nimeufunga kwenye diski ya 8TB iliyokuwa kimya na ikaamka palepale, ule mlio wake wa kuanza kuzunguka niliusikia nikiwa bado nimeinama. Niliijaza yote kwa kuandika na kusoma tena kabla ya kuiamini na kazi ya mteja, na nashauri kila mtu afanye hivyo, hata kama itachukua zaidi ya siku nzima, usiku na mchana. Kasi mwanzoni mwa diski ilikuwa megabaiti 180 na kitu kwa sekunde, ikashuka taratibu kuelekea mwisho, kama ilivyo kawaida ya diski za kuzunguka. Plagi niliigusa kwa mkono mara kwa mara. Ilibaki baridi. Diski yenyewe ilikaa kwenye nyuzi 40 hivi mbele ya feni, wakati ndani ya kasha lake la plastiki lisilo na feni ilikuwa inapita 50. Joto hilo peke yake lingetosha kunifanya niitoe.

Wengi wana pawa saplai isiyo na Molex iliyobaki, au hawana nafasi ya waya mwingine, na hao ndio walengwa wa tepu ya Kapton. Ni ile tepu ya rangi ya asali ambayo mafundi simu hubandika kuzunguka IC (chipu) kabla ya kupuliza hewa moto. Haiyeyuki kwa joto la kazi hizo, ni nyembamba sana, na haipitishi umeme. Elfu tano unapata roli ambayo hutaimaliza.

Unakata ukanda mdogo na kufunika pini tatu za kwanza kwenye diski, upande wa umeme. Za kwanza ni zile zilizo karibu na plagi ndogo ya data. Za mwisho kwa nje ndizo za volti 12, na ukizifunika hizo kwa kukosea upande, diski haitazunguka na utarudi mwanzo. Pini zimeachana milimita 1.27 tu, kwa hiyo tumia kibano cha fundi simu na taa nzuri. Ishia kwenye ya tatu, maana ya nne ni ethi. Ubandike uso wa pini, kisha ukunje kidogo chini ya ulimi wa plastiki ili plagi inapoingia isiukwangue. Hapo ndipo udhaifu wa njia hii ulipo: ukichomoa na kuchomeka mara nyingi, tepu hukunjamana. Kwa diski inayokaa mahali pamoja, ni njia salama na diski haiguswi kitu. Usitumie tepu nyeusi ya umeme badala yake. Ni nene, inasukuma miguu ya plagi, na kwa joto letu gundi yake inatoka na kunata kwenye pini.

Fundi mmoja alitaka kunisaidia kwa kung'oa pini ya tatu kwa koleo. Nikamwambia, "Hapana kaka, hiyo pini ikitoka hairudi." Waranti inakufa hapo, na mkono ukiteleza unaondoka na jirani zake. Mwingine alipendekeza tukate waya wa chungwa unaotoka kwenye pawa saplai. Hilo linafanya kazi, lakini unakata kitu kinacholisha vifaa vyote vya mnyororo ule. Kama ni lazima kukata, nunua waya wa kurefusha wa SATA, wa kubana pia, ukate chungwa humo na kufunika ncha vizuri. Ukijuta, umepoteza waya wa kurefusha tu.

Na kuna hatari moja kubwa kuliko zote hizi ambayo pale Kariakoo haisemwi. Zipo pawa saplai ambazo nyaya zake zinachomoka upande wa pawa saplai yenyewe. Nyaya hizo huuzwa mafungu, za mtumba, kila kampuni imo. Plagi zinafanana na zinaingia bila kugoma, lakini mpangilio wa volti ndani hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya modeli za kampuni moja. Waya usio wa pawa saplai yako unaweza kupeleka volti 12 kwenye njia ya volti 5, na diski zote zilizomo kwenye waya huo zikaungua kwa sekunde moja. Tafadhali sana, waya wa upande huo uwe uleule uliokuja na pawa saplai, au upimwe tundu kwa tundu kwa mita kabla diski haijakaribia.

Kabla hujalifungua kasha pia, jua unachokifungua. Zile eksternali ndogo za inchi 2.5 zinazokwenda bila adapta, kama My Passport ya WD, nyingi zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Ndani hutakuta plagi ya SATA, na waya wowote ule hautasaidia. Kwenye My Book nyingi, eksternali kubwa za WD, bodi ya kasha ndiyo inayosimba data (kuigeuza kuwa siri) kabla ya kuiandika. Ukiitoa diski bila bodi, faili zako zinakuwa takataka machoni pa kompyuta. Yapo pia makasha ya zamani yaliyokuwa yakiitafsiri diski kwa sekta (vipande vya kuhifadhia) za baiti 4,096, na ukiihamishia kwenye SATA kompyuta itakuomba ui-format. Usikubali. Irudishe kwenye kasha, nakili kilichomo, ndipo uihamishe. Na bodi ile ndogo pamoja na adapta yake viweke kwenye droo, visitupwe, maana ndivyo vya kupimia siku diski ikileta wasiwasi.

Neno la matundu ya skrubu, kwa kifupi: diski kubwa nyingi za siku hizi hazina lile tundu la katikati ubavuni, kwa hiyo trei za zamani hushika skrubu mbili tu kila upande badala ya tatu. Zangu zimekaa hivyo bila kutikisika.

Kwa hiyo alama zangu. Waya wa kubana, nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeitoa kwa pini zile za Molex zinazocheza. Tepu ya Kapton, nne, na kwa mwenye mkono tulivu ni tano. Waya wa kumiminwa sifuri, na natamani wauzaji waache kuuleta. Kuhusu waya wenye vichwa viwili vya SATA, wa kubana unabeba diski mbili bila taabu. Usiunganishe mwingine juu yake ili upate nne, kwa sababu zote zinaanza kuzunguka kwa pamoja na mzigo wote unapita kwenye plagi moja.

Duka nalo lina alama nne. Kijana wa kaunta hakujua tofauti, lakini alisikiliza, akabandua kifuniko mwenyewe, akaita mwenzake waone, na nilipoondoka alikuwa anazitenganisha kwenye maboksi mawili. Wanabadilisha ndani ya siku saba ukiwa na risiti. Jumapili hawafungui. Ukienda, omba "Molex kwenda SATA, wa kubana, mgongo unafunguka," na uufungulie hapohapo kaunta kabla ya kulipa, kwa sababu pakiti za aina zote mbili zina picha ileile.